Meno yangu na jeshi la Marekani: uzoefu wangu toka risepsheni hadi kuvua yunifomu

Wadau, kuna vijana wengi sana toka Kenya, Congo, Burundi na hata Bongo wanaingia jeshi la Marekani sai na grin kadi zao, na kila wiki lazima mtu aniulize inboksi mambo ya mshahara, uraia unachukua muda gani, zile maili mbili za kukimbia ni ngumu aje, lakini hakuna mtu huuliza meno. Na mi nawaambia ukweli, kwa vitu vyote nilipewa bure huko ndani, meno ndo kitu kingenimaliza mfuko nikiwa raia wa kawaida. Hapa Marekani bila bima jino moja tu likihitaji kutibiwa mzizi na kuvalishwa taji, dola elfu mbili zinaenda hivi hivi na bado. Kwa hivyo nimeona niandike vile nimehudumiwa, pazuri na pabaya, na mwenye amepitia tofauti aongezee hapo chini.

Kwanza elewa hii kitu, usipoielewa utakua unanung'unika kila siku. Daktari wa meno wa jeshi hakutibu ndo upendeze, anakutibu ndo uweze kutumwa. Hio tu. Ukishaweka hio kwa akili, kila kitu wanakufanyia na kila kitu wanakataa kukufanyia kinaeleweka.

Mi nlifanyia mafunzo Fort Jackson, South Carolina. Ile wiki ya risepsheni kabla hata ujue kufunga buti vizuri unanyolewa, unadungwa chanjo mikono yote miwili, alafu mnapangwa foleni ya meno. Unasimama kwa mashine, unauma kijiti cha plastiki, kidevu unaweka mahali pake, unaambiwa usitikisike, mkono wa mashine unakuzunguka kichwa ukilia ngiiii, na picha moja inatoka na meno yote pamoja na taya. Kijana mmoja mbele yangu akauliza hii ni ya nini na yeye hana jino linauma. Sajenti akamjibu bila hata kumwangalia, "ya kukutambua ukiungua." Foleni nzima kimya. Na si utani, ile eksirei kweli inawekwa faili kwa sababu hio pia, meno hubaki hata kama sura haijulikani tena.

Baada ya hapo unapewa klasi. Klasi 1 uko sawa kabisa. Klasi 2 kuna kakazi kadogo lakini hawatarajii kakusumbue miezi 12 ijayo. Klasi 3 ndo ile daktari anaona kabla hio miezi 12 iishe utalia, na klasi 4 maana yake hawajui hali yako, labda uchunguzi umepitisha mwaka ama faili halionekani. Ukiwa 3 ama 4 hutumwi misheni, na jina lako linakua nyekundu kwa MEDPROS, mfumo wa rekodi za afya za wanajeshi, ambao Fasti Sajenti, yaani sajenti mkuu wa kampuni, anaufungua kila asubuhi kabla ya kahawa. Yaani jino lako si lako peke yako, liko kwa slaidi ya komanda. Mimi mtu wa Nakuru, nlikua nimeona daktari wa meno mara chache sana maishani na zote zilikua za kung'oa, sasa ghafla kuna mwanajeshi mzima kazi yake ni kunipigia simu kunikumbusha kusafishwa meno. Nlishangaa walai.

Nikitaja Nakuru mwenye ametoka huko ashajua naelekea wapi. Meno yangu ni ya kahawia. Maji ya kisima ya Bonde la Ufa yana floraidi nyingi kupita kiasi, WHO wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kuna visima kwetu hio wanaipita kwa mbali, na ukiyanywa ukiwa mtoto wakati meno bado yanajitengeneza ndani ya fizi, yanatoka na madoa, basi. Watu wa Arusha pia mnajua hii hadithi. Sasa daktari, kapteni fulani mama mpole tu, aliponifungua mdomo mara ya kwanza akaniuliza navuta pakiti ngapi kwa siku. Nikamwambia ma'am, mi sijawahi kuvuta sigara, ni maji. Hakuamini mara moja, akaangalia tena na kile kioo chao, akapuliza hewa jino likauke, alafu akaita wenzake wawili waje waone kwa sababu walikua wameisoma vitabuni tu. Nimelala pale mdomo wazi, watu watatu wanachungulia, mmoja anauliza kama ng'ombe wetu pia wana meno hivo. Sikukasirika, swali zuri hata, ng'ombe pia huathirika. Akaniambia yangu ni ya rangi tu, enameli haijalika, na kutoboka hayajatoboka ovyo. Nikaomba kama wanaweza kunifanyia yawe meupe ama waniwekee vile vigamba vya mbele. Akacheka kidogo akasema "hayo hayakuzuii kula wala kupigana," akaandika klasi 2 kwa sababu ya gego moja nyuma lilikua na katundu, tukaachana. Hapo ndo nlielewa mambo ya utayari. Kama unaingia jeshini ukitarajia watakupa tabasamu ya televisheni, sahau, waya za kunyoosha meno na urembo usivitegemee.

Sasa magego ya mwisho, yale ya ukubwani. Hayo wanayapenda sana kuyatoa mapema, hasa ukiwa bado shuleni baada ya mafunzo ya kwanza, kwa sababu hawataki yakuvimbishe shavu ukiwa mahali hakuna kliniki. Mi nlitolewa ya chini yote mawili siku moja. Sindano ya ganzi ndo mbaya, hio nyingine si uchungu, ni nguvu: anasukuma, anazungusha, anasukuma tena, alafu kuna ule mlio unausikia kwa mfupa wa sikio, krak, ni kama mtu amevunja muwa ndani ya kichwa chako. Na mimi bila kupanga nikatoa "mama yangu weee" kwa mdomo umejaa pamba. Yule msaidizi aliyeshika mrija wa kunyonya mate akainama kwa sikio langu: "Vumilia muzee, inaisha sasa hivi." Jamani!! Kumbe ni Mkongo wa Bukavu, amekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa ni fundi msaidizi wa meno, ile kazi wanaiita 68E. Kapteni aliyekua ananing'oa akauliza tunasema nini, jamaa akajibu "he says you are very gentle, ma'am." Mimi sikua nimesema hivo hata kidogo, lakini ukweli alikua na mkono mwepesi. Baada ya hapo huyo jamaa akanifafanulia kwa Kiswahili masharti yote, usinyonye na mrija, usiteme kwa nguvu, usivute sigara, lile donge la damu lililojifunga kwa shimo likitoka utajuta, shimo likibaki kavu lina uchungu kuliko kung'olewa kwenyewe. Nikapewa ibuprofeni za miligramu 800, jeshini wanapewa za kila kitu toka kichwa hadi unyayo, pamoja na karatasi ya kupumzika bwenini. Ningekua na uji wa wimbi pale ningepona haraka zaidi, nlishindia viazi vya kuponda vya kantini.

Kwa mikono ya madaktari kwa hivyo mimi nawapa tano kwa tano, bila maneno mengi. Wengi ni vijana, jeshi limewalipia shule ya udaktari wa meno kwa skolashipu inaitwa HPSP, nao wanalipa kwa kutumikia miaka kadhaa. Watu wengine wanaogopa ati wanafanyiwa mazoezi. Mi naona kinyume. Kijana hana haraka ya mgonjwa afuatae maana halipwi kwa kichwa, anakueleza kila kitu, anaonyesha picha kwa skrini, na akikwama anaita kanali mwenye mvi aje athibitishe. Nje nlikuja kukutana na mwingine wa raia anayekuuzia taji kabla hata hujakaa vizuri kwa kiti. Ubaya ni mmoja: ukishamzoea anahamishwa. Ama unahamishwa wewe. Kila mara unaanza hadithi ya maji ya Nakuru upya, "no sir, I don't smoke," kanda ile ile.

Na tukiongea kuridhika kwa wanajeshi, kuna kitu lazima mjue. Ukimaliza wanakutumia sovei, na kuna pia ule mfumo wa maoni wa ICE unaweza kuandika chochote. Vijana karibu wote huweka nimeridhika sana. Mnajua kwa nini? Jumatatu ni siku ya motapuli, yadi ya magari ya jeshi, siku nzima uko chini ya gari unakagua oili kwa jua ama kwa baridi, sasa ukipata apointimenti ya meno Jumatatu saa tatu asubuhi, kiti kinalala, chumba kina kiyoyozi, mtu anaongea na wewe polepole akikuita kwa heshima... hata wakikutoboa utaandika umeridhika! Mi nimeona mtu amelala fofofo akikoroma daktari anachimba. Kwa hivyo nikisikia ati wanajeshi wanasifu kliniki ya meno mi huuliza kwanza wangekua wapi saa hio. Na pia kuna cheo. Daktari ni kapteni ama meja, wewe ni praiveti ama spesho, vyeo vya chini, hujamchagua na huwezi kumwambia sitaki wewe nataka yule. Unasema yes ma'am hata kama ganzi haijashika. Nyinyi mnaoingia nawaambia hapo msiogope, inua mkono wa kushoto, sema bado nasikia, wataongeza. Hakuna siku nimeona daktari akikasirika kwa hio.

Sasa shida. Shida yangu kubwa ni muda, na hapa nawapa mbili kwa tano, nikiwa na roho nzuri. Lile gego langu la klasi 2, si mnakumbuka. Klasi 2 huna haraka kwao, wanahangaika na wa klasi 3 na wa klasi 4 kwanza ili namba za komanda ziwe kijani. Nikapewa apointimenti mbali huko, ikafika, yuniti ikawa iko filidi, yaani mazoezini porini. Nikapanga ingine, kliniki ikaivunja kwa sababu daktari ametumwa mahali. Nikapanga ingine tena, ikawa ni wiki ya kupiga shabaha na sajenti wangu akasema jino halikupigii risasi. Na ukikosa apointimenti bila kusema jina linapelekwa kwa yuniti na unaandikiwa ile fomu ya ushauri 4856, yaani kliniki ikivunja ni sawa, wewe ukivunja ni kosa. Kambi yenyewe siitaji, watu wa pale walijitahidi, ni vile mpango mzima umejengwa: jino dogo linangoja hadi liwe jino kubwa, ndo lihesabike.

Basi likawa kubwa tukiwa NTC, kituo cha mazoezi ya vita cha Fort Irwin, jangwani California. Waliofika huko wanajua ile vumbi, inaingia hadi kwa chakula kimefungwa. Usiku mmoja kwa zamu nikauma kibiskuti cha MRE, chakula cha pakiti cha jeshi, na vile vinajulikana kwa ugumu, kitu ikapiga toka kwa jino hadi kwa jicho. Asubuhi shavu limejaa. Nikafikiri watanipa ibuprofeni wanirudishe, kumbe brigedi hutembea na daktari wake wa meno, yuko na kampuni ya matibabu ya batalioni ya saidizi. Hema, jenereta inanguruma nje, kiti cha kukunjwa cha chuma na turubai, taa amefunga kwa kipaji, kikompresa kidogo cha kuendesha ile drili, na msaidizi ameshika chupa ya maji kwa sababu ya kusuuza. Daktari mwenyewe ana bastola kwa paja. Akanipiga ganzi, akafungua jino, ile presha ikatoka na harufu mbaya sitaki kuongelea, akaweka dawa na kuziba kwa muda, akasema ukirudi nyumbani usingoje kuitwa, wewe sai ni klasi 3. Na nlirudi zamu jioni yake nikila upande mmoja. Kwa hio hema nawapa sita kwa tano, sijui kama inaruhusiwa.

Na kweli nlivorudi, nikiwa klasi 3, milango yote ikafunguka. Wiki ile ile nimepata kiti, nimepelekwa kwa bingwa wa mizizi ya meno mwenye darubini, amesafisha mifereji yote ya lile gego, amejaza, hakuna hata senti. Sasa si ingekua rahisi kuliziba tu lilipokua katundu? Hio niliandika kwa ICE, kwa heshima, bila kutaja mtu, na nikapigiwa simu na msimamizi akaniomba msamaha na kunieleza uhaba wa nafasi. Nlimwelewa. Lakini jino langu ndo limekufa mzizi, si lake.

Kitu kingine kifupi kwa vijana: dipu. Ile tumbaku ya kuweka kwa mdomo wa chini, jeshini iko kila mahali, mtu anatembea na chupa ya kutemea. Ni kuberi tu ya wazungu. Ukiongeza na zile vinywaji vya nguvu za makopo makubwa, mtu wa miaka 22 fizi zimeshuka mizizi iko nje. Madaktari wanaongea mpaka wanachoka. Mi huyu wa meno ya kahawia sijawahi gusa na bado naulizwa kama navuta, nyinyi wenye meno meupe mnayaharibu makusudi.

Familia sasa, na hapa wengi huja kushangaa. Mke wangu alipokuja toka Kenya tulidhani tutaenda pamoja kliniki ya kambini. La. Ukiwa hapa Marekani hio kliniki ni ya wewe mwenye yunifomu, mke na watoto unawakatia bima ya meno ya TRICARE, inakatwa kwa mshahara kila mwezi, alafu wanaona daktari wa raia aliye kwa mtandao wa bima. Si ghali kulinganisha na za nje, na uchunguzi na kusafisha hulipi, ila kazi kubwa kama taji nusu inarudi kwako. Mke wangu alifurahia kitu kimoja, anachagua daktari anayemtaka. Akampata mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa anaongea Kiswahili safi kuniliko, na sasa mke yuko na daktari mmoja miaka yote na mimi mwanajeshi ndo nilikua nabadilishiwa daktari kila mara. Ukihamia Gadi ama Rizavu, yaani jeshi la muda, pia hadithi inabadilika, wanataka uchunguzi wa kila mwaka vile vile na unaweza kumpelekea daktari wa raia ile fomu 2813 aijaze, klasi zako zinabaki zile zile 1 hadi 4, lakini jino likiwa bovu mara nyingi kutibu ni kwa bima yako uliyojilipia. Yaani wanakagua, kuziba mara nyingi ni juu yako. Hii iliniuma kidogo nlipohamia Gadi, nlikua nimezoea vibaya.

Na mwisho, hii someni mara mbili mnaokaribia kutoka. Kwa DD-214 yako, ile karatasi ya kutoka jeshini, kisanduku namba 17, wanauliza kama ulipewa uchunguzi kamili wa meno na matibabu yote yaliyohitajika siku 90 kabla ya kutoka. Ikiwekwa ndio, umemalizana nao. Ikiwekwa la, unaweza kwenda VA, idara ya serikali ya wanajeshi wastaafu, ndani ya siku 180 tangu utoke na wakakufanyia matibabu ya meno mara moja bure, mradi ulitumikia siku 90 au zaidi na hukutoka kwa ubaya. Baada ya hapo VA hawagusi meno ya kila mtu, wanaotibiwa daima ni kama wale wa ulemavu wa asilimia 100 na makundi mengine machache. Mimi karani alikua ashaniwekea ndio, na lile gego la mzizi lilikua bado halijavalishwa taji, limezibwa juu tu. Nikamwambia ndugu, sitii sahihi. Akasema ni kawaida kila mtu huwekewa hivo. Nikamwambia sawa, basi mpigie daktari. Akapiga, wakaangalia faili, ikabadilishwa. Fasti Sajenti alinikasirikia kwa sababu foleni ilikua ndefu nyuma yangu. Nikaomba na kopi ya eksirei zangu zote kwa CD, wanatoa ukiomba, na nilipeleka maombi VA mapema kabla hata sijamaliza kufungua maboksi. Taji wakaweka, na yule daktari wa VA naye swali lake la kwanza likawa ati mimi huvuta pakiti ngapi.